Shahada pekee haitoshi: Masharti ya kusajiliwa kuwa mwalimu nchini Kenya

NUNGUNI, Makueni

KATIKA mji wa Nunguni, ulioketi juu ya milima ya Kilungu ambako ukungu wa asubuhi hauna haraka ya kuondoka, kazi ya ualimu ingali na heshima yake. Mzazi anayeuza maparachichi, ng'ombe au kipande cha shamba ili kumpeleka mwanawe akasomee ualimu huamini kwamba ananunua jambo la hakika. Miaka minne itapita, mtoto atarudi na shahada, na shahada hiyo itampatia kazi.

Imani hiyo ina kasoro. Nchini Kenya, shahada ya chuo kikuu haimpi mtu idhini ya kufundisha. Idhini hutolewa na Tume ya Huduma za Walimu (TSC) peke yake, nayo tume ina masharti ambayo baadhi yake huamuliwa kabla mwanafunzi hajakanyaga ua wa chuo. Wapo vijana walioyafahamu masharti hayo siku waliyokwenda kuomba usajili, shahada ikiwa mkononi na karo ya miaka minne ikiwa imekwisha kulipwa.

Makala haya yanaeleza masharti hayo kwa manufaa ya wanafunzi wa Kidato cha Nne, wazazi na wale ambao tayari wamo vyuoni.

Tume na mamlaka yake

TSC iliundwa mwaka 1967 kwa sheria ya Bunge, baada ya walimu kupitia chama chao cha KNUT, kilichoasisiwa mwaka 1957, kudai kwa miaka kadhaa wawe na mwajiri mmoja. Kabla ya hapo mwalimu aliweza kuwa chini ya kanisa, serikali ya wilaya au bodi fulani, na mishahara na masharti ya kazi yalitofautiana kutoka mahali hadi mahali.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 237, iliifanya TSC kuwa tume ya kikatiba. Kifungu hicho kinaipa kazi ya kusajili walimu waliohitimu, kuwaajiri, kuwapeleka shuleni, kuwapandisha vyeo, kuwahamisha na kuwaadhibu wanapokosa. Pia kinaitaka ichunguze viwango vya elimu na mafunzo ya wanaoingia katika kazi hiyo. Sheria ya TSC ya mwaka 2012 ilitilia nguvu jambo hili kwa kusema kwamba hakuna mtu atakayefundisha bila kusajiliwa.

Wengi hudhani sharti hilo linawahusu walimu wa serikali tu. Sivyo. Mwalimu wa shule ya kibinafsi anatakiwa kuwa na nambari ya TSC sawa na mwenzake wa shule ya umma, na ndivyo ilivyo kwa mwalimu anayelipwa na bodi ya usimamizi wa shule, yaani yule anayeitwa mwalimu wa BOM. Hata walimu wa chekechea, ambao Katiba iliwaweka chini ya serikali za kaunti, husajiliwa na tume hiyo hiyo ingawa mshahara wao hutoka kwa kaunti.

Alama za Kidato cha Nne

Hapa ndipo wengi hukwama, na ndipo panapostahili kuelezwa kwa kirefu.

Anayetaka kusajiliwa kuwa mwalimu wa shule ya sekondari kwa kutumia shahada anatakiwa awe alipata gredi ya wastani ya C+ au zaidi katika mtihani wa KCSE. Aidha, anatakiwa awe alipata C+ au zaidi katika kila mojawapo ya masomo mawili atakayofundisha. Kwa wale wachache wa mfumo wa zamani waliofanya mtihani wa Kidato cha Sita, tume hutazama alama za kiwango hicho badala ya KCSE.

Sharti la kwanza linajulikana na kila mtu, kwa kuwa C+ ndiyo gredi ya chini ya kujiunga na chuo kikuu moja kwa moja kupitia shirika la KUCCPS, linalowapangia wanafunzi nafasi za masomo. Sharti la pili ndilo husahauliwa. Mwanafunzi anaweza kuwa na wastani wa B ya kupendeza, akapata A katika Biashara na Dini, lakini akawa na C katika Historia. Akichagua Dini na Historia kuwa masomo yake ya kufundisha, wastani wake wa B hautamsaidia. Tume haipimi wastani badala ya somo. Hupima vyote viwili.

Vyuo vikuu navyo vina uhuru wao. Baraza la masomo la chuo laweza kumpokea mwanafunzi aliyepata C ya katikati katika KCSE, akasomea diploma, kisha akapanda hadi shahada. Kwa upande wa chuo, mwanafunzi huyo amefuata ngazi halali na shahada yake ni shahada kamili. Anaweza kuitumia kuomba kazi katika benki, katika shirika lisilo la kiserikali au katika serikali ya kaunti. Lakini anapoomba usajili wa TSC kama mwalimu wa sekondari, faili yake hufunguliwa kuanzia chini, na kilichoko chini ni cheti cha KCSE. Shahada haifuti alama za Kidato cha Nne.

Ni jambo la kusikitisha kwamba habari hii huwafikia wengi ikiwa imechelewa. Chuo hakilazimiki kumwambia mwanafunzi kwamba tume haitamsajili, nayo tume haimjui mwanafunzi hadi siku atakapoomba. Katikati ya taasisi hizo mbili mzazi huendelea kulipa karo. Anayetaka kuepuka mkasa huo na afanye jambo moja rahisi: aweke hati ya matokeo ya KCSE mezani kabla ya kujaza fomu ya KUCCPS, aangalie masomo mawili anayoyataka, na ahakikishe kwamba yote mawili yana C+ au zaidi. Likipungukiwa moja, abadilishe somo au abadilishe kozi. Wapo pia wanaoamua kurudia KCSE wakiwa watahiniwa wa kibinafsi, ingawa mlango huo unaelekea kufungwa kwa kuwa darasa la mwisho la mfumo wa 8-4-4 limepangiwa kufanya mtihani huo mwaka 2027.

Masomo mawili

Shahada ya Elimu kwa mwalimu wa sekondari hujengwa juu ya masomo mawili ambayo kwa hakika hufundishwa shuleni. Mwanafunzi wa sayansi huoanisha Hisabati na Fizikia, au Biolojia na Kemia. Wa sanaa huoanisha Kiswahili na Historia, au Jiografia na Dini. Kiingereza huenda pamoja na Fasihi ya Kiingereza, nao wawili hao huhesabiwa kuwa jozi kamili.

Tume hukagua nakala ya matokeo ya chuo ili ione kwamba somo kila moja lilisomwa kwa kina. Kwa kawaida hutaka kozi zisizopungua nane katika kila somo. Mwanafunzi aliyeruka kozi za Historia ili kusoma kozi za hiari zilizokuwa rahisi zaidi huweza kuhitimu vyema, kisha agundue kwamba ana kozi sita tu za Historia. Wengine hulazimika kurudi chuoni na kulipia kozi zilizopungua huku wenzao wakiwa tayari darasani wakifundisha.

Anayesomea elimu ya mahitaji maalumu naye asidhani amesamehewa. Akitaka kufundisha katika sekondari, atahitaji masomo mawili kando ya taaluma yake ya mahitaji maalumu. Anayesomea elimu ya chekechea husajiliwa kwa kiwango hicho, wala shahada yake haimruhusu kuhamia Kidato cha Tatu kwa sababu tu ni shahada.

Mintarafu ya uchaguzi wa masomo, walimu wa Hisabati na sayansi wamekuwa wakitafutwa zaidi kuliko wa sanaa kwa miaka mingi, na matangazo ya kazi ya TSC huonyesha hivyo. Hata hivyo haifai kumlazimisha mtoto aliyepata C+ ya kubahatisha katika Fizikia kuishi na Fizikia maisha yake yote. Watakaoumia si yeye tu bali na wanafunzi wake.

Miaka minne chuoni

Wakazi wa Makueni na Kitui hawana haja tena ya kusafiri mbali ili kusomea ualimu. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya (SEKU), kilichoko Kwa Vonza katika Kaunti ya Kitui, kilianza kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2008 na kikapata hati ya kujitegemea mwaka 2013. Chuo Kikuu cha Machakos, kilichotokana na taasisi ya mafunzo ya kiufundi ya mji huo, kilipata hati yake mwaka 2016. Vyote viwili hutoa Shahada ya Elimu.

Chimbuko la shahada hiyo kwa Wakenya wengi lakini ni Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mwaka 1972 kilipokea wanafunzi wa kwanza wa Shahada ya Elimu kikiwa chuo kishiriki, mwaka 1978 Kitivo cha Elimu cha Chuo Kikuu cha Nairobi kilihamishiwa huko, na mwaka 1985 kikawa chuo kikuu kamili. Vyuo vya Moi, Maseno na Egerton vilifuata vikiwa na vitivo vikubwa vya elimu.

Anayechagua chuo cha kibinafsi au bewa dogo lililo karibu na nyumbani ahakikishe kwamba chuo kimeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE). Aliyesomea ng'ambo, iwe Uganda, Tanzania au India, hutakiwa shahada yake ilinganishwe na kutambuliwa kwanza nchini. Aliyefanya mtihani wa sekondari nje ya Kenya hutakiwa kuwa na barua ya Baraza la Mitihani (KNEC) inayoonyesha matokeo yake yanalingana na gredi gani ya KCSE.

Mafunzo yenyewe yana sehemu tatu zinazokwenda sambamba. Ya kwanza ni masomo mawili ya kufundisha. Ya pili ni taaluma ya elimu: saikolojia ya mtoto na ujifunzaji, historia na falsafa ya elimu, mitaala, upimaji, usimamizi wa shule na mbinu za kufundisha kila somo. Kabla ya kupelekwa shuleni, mwanafunzi hufundisha wenzake darasani kwa dakika chache huku mhadhiri akiangalia, zoezi linaloonekana kama mchezo hadi mtu aliyezoea kuzungumza sana anaposimama mbele na kukosa la kusema.

Sehemu ya tatu ni mazoezi ya kufundisha, ambayo aghalabu huchukua muhula mmoja katika mwaka wa tatu au wa nne. Shule za Kilungu, kama zilivyo shule za kila pembe ya nchi, huwapokea wanafunzi hawa kila mwaka. Hawalipwi. Hutafuta chumba cha kupanga, hununua vyakula vyao, huandaa maazimio ya kazi na mpango wa kila kipindi, na hungoja wahadhiri wanaokuja kuwatathmini, mara nyingi bila taarifa. Asiyefaulu mazoezi hayo hahitimu. Gharama ya muhula huo husahauliwa katika bajeti ya wazazi wengi, nayo si ndogo kwa mwanafunzi anayetegemea mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB) peke yake.

Kuna kundi jingine lisilofaa kusahauliwa. Katika miaka ya 2000, maelfu ya walimu wa shule za msingi wenye cheti cha P1 walijiandikisha kwa shahada zilizosomwa wakati wa likizo za Aprili, Agosti na Desemba. Mwalimu alifunga shule Ijumaa, na Jumatatu akawa mwanafunzi. Wao walikuwa na nambari za TSC tayari, na nambari ya mwalimu haibadiliki. Kinachobadilika ni kiwango cha elimu kilichoandikwa katika faili. Wengi walitarajia kupandishwa cheo mara tu walipohitimu, jinsi ilivyokuwa desturi hapo awali, lakini desturi hiyo ilisitishwa. Cheo sasa hupatikana kwa mujibu wa nafasi zilizopo na mwongozo wa tume.

Waliosomea fani nyingine

Si lazima mtu aanze na Shahada ya Elimu. Mwenye Shahada ya Sanaa au ya Sayansi anaweza kusomea Diploma ya Uzamili katika Elimu, ambayo kwa kawaida huchukua mwaka mmoja, kisha akaomba usajili. Masharti ya KCSE ni yale yale: C+ kwa jumla na C+ katika masomo mawili ya kufundisha.

Tatizo la njia hii limo katika masomo yenyewe. Mtu aliyesomea Sosholojia na Sayansi ya Siasa hana somo linalofundishwa katika sekondari, na diploma ya uzamili haiwezi kumuumbia. Aliyesomea Hisabati na Kemia, kwa upande mwingine, huenda akapita bila shida. Kwa hivyo kabla ya kulipia mwaka huo wa ziada, mwombaji na achukue nakala ya matokeo yake ya shahada ahesabu kozi za kila somo, jinsi tume itakavyozihesabu.

Mapema mwaka 2021, TSC ilipendekeza kwamba njia hii iwe ndiyo ya pekee: Shahada ya Elimu iondolewe, walimu wote wa sekondari wasomee kwanza Shahada ya Sanaa au Sayansi, halafu waongezewe mafunzo ya ualimu. Hoja ya tume ilikuwa kwamba mwalimu anahitaji kulijua somo lake kwa kina zaidi. Wahadhiri wa vitivo vya elimu walipinga vikali wakisema kwamba ualimu si kibandiko cha kubandikwa mwishoni. Shahada ya Elimu ingali inafundishwa.

Stakabadhi za maombi

Mwanafunzi akishahitimu, maombi ya usajili hufanywa kwa mtandao katika tovuti ya TSC. Huhitaji kitambulisho cha taifa, nambari ya PIN ya Mamlaka ya Ushuru (KRA), picha ya pasipoti ya rangi, vyeti vya masomo kuanzia shule ya msingi na sekondari hadi shahada, na nakala ya matokeo ya chuo. Nakala hizo huthibitishwa. Kadhalika hulipwa ada, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa Sh1,055. Mwombaji athibitishe kiwango katika tovuti siku anapoomba, asitegemee maneno ya mtu wa kibanda cha intaneti.

Fomu ya afya hujazwa na kupigwa muhuri na daktari aliyesajiliwa. Kwa mkazi wa Nunguni hilo si safari, maana hospitali ya kaunti ndogo ya Kilungu iko papo hapo mjini.

Cheti cha tabia njema hutolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI). Mwombaji hujaza fomu katika mtandao wa eCitizen, hulipa ada, huchapisha fomu ya alama za vidole, kisha huenda kuchukuliwa alama hizo. Hapo zamani wengi walilazimika kwenda makao makuu ya idara hiyo katika barabara ya Kiambu, Nairobi, na kupanga foleni tangu alfajiri. Siku hizi kazi hiyo hufanyika katika vituo vya Huduma, kikiwemo cha Wote, na katika baadhi ya afisi za DCI mashinani.

Kikwazo kidogo kinachochelewesha maombi mengi kuliko vyote ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, KCPE inasema vile, kitambulisho kimegeuza mpangilio, na mwanamke aliyeolewa ameongeza jina la mume. Ukambani jina moja huandikwa kwa namna mbili au tatu kutegemea sikio la karani. Tume haikisii kwamba wenye majina hayo ni mtu mmoja. Huhitaji hati ya kiapo iliyotiwa sahihi mbele ya wakili au kamishna wa viapo, na jina likiwa limebadilishwa kabisa, hati rasmi ya mabadiliko hayo. Mambo haya hurekebishwa kwa urahisi mwanafunzi angali mwaka wa pili chuoni kuliko wiki ya mwisho kabla ya tangazo la kazi kufungwa.

Tume inaweza kumnyima mtu usajili hata akiwa na alama zote. Sheria ya mwaka 2012 inaitaka imkatae mtu asiye na maadili mema, na aliyepatikana na hatia ya kosa la kingono au kosa dhidi ya mtoto hana nafasi katika kazi hii. Aliyesajiliwa naye anaweza kufutwa. Mwaka 2010 tume ilitoa waraka wa kuwalinda wanafunzi dhidi ya dhuluma za kingono, na tangu hapo imekuwa ikichapisha majina ya walimu walioondolewa kwenye sajili. Mwalimu aliyefutwa haruhusiwi kufundisha popote nchini, hata katika shule ya kibinafsi, ijapokuwa baadhi ya wenye shule hizo hawajali kukagua.

Usajili si ajira

Nambari ya TSC ikitoka, familia husherehekea, na ni haki yao. Lakini nambari hiyo ni idhini tu. Tume imetaja mara kwa mara kwamba walimu zaidi ya laki tatu waliosajiliwa hawajaajiriwa na serikali. Kwa hiyo walio wengi huanza na kazi ya BOM, ambapo shule huwalipa kutokana na fedha za wazazi, malipo yakipanda na kushuka kulingana na karo iliyokusanywa. Katika eneo la wakulima kama Kilungu, msimu wa mvua ukiharibika mwalimu wa BOM huwa wa kwanza kujua.

Njia nyingine imekuwa unagenzi. TSC ilianzisha mpango huo Januari 2020, ikimlipa mwanagenzi wa sekondari na wa shule ya msingi posho ya kila mwezi. Ulipanuka sana baada ya sekondari ya msingi kuanzishwa Januari 2023, Gredi ya 7 ilipohitaji walimu wa masomo ambayo walimu wa msingi hawakuwa wameyasomea. Wanagenzi walilalamika kwamba walifanya kazi ya mwalimu kamili kwa malipo ya nusu. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Leba iliamua kwamba mpango huo ulikiuka haki zao, uamuzi ambao tume iliukatia rufaa, na Januari 2025 wanagenzi 46,000 walipewa ajira ya kudumu.

Hakuna hata mmoja miongoni mwa hao aliyeingia bila nambari ya TSC. Ndiyo maana aliyenyimwa usajili hupoteza zaidi ya nafasi moja ya kazi: hupoteza haki ya kusimama kwenye foleni.

Cheti cha kufundisha

Kuna jambo ambalo wahitimu wengi hawalijui. Sheria ya 2012, katika kifungu cha 35, inatofautisha usajili na cheti cha kufundisha. Usajili hufanywa mara moja. Cheti cha kufundisha kilikusudiwa kuwa leseni inayofanywa upya mara kwa mara mwalimu anapothibitisha kwamba ameendelea kujifunza.

Septemba 2021 TSC ilizindua mpango wa kutekeleza kifungu hicho. Ulikuwa na moduli sita, kila moja ya miaka mitano, na mwalimu alitakiwa kulipa Sh6,000 kwa mwaka. Taasisi nne ziliteuliwa kutoa mafunzo: Chuo Kikuu cha Kenyatta, Mount Kenya, Riara na taasisi ya serikali ya KEMI. Walimu wengi hawakupinga mafunzo bali malipo, wakiuliza kwa nini mwajiri asigharamie ujuzi anaoutaka kwa wafanyakazi wake. Swali hilo lilifikishwa mahakamani na bungeni.

Majirani wana njia zao. Tanzania ilipitisha sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu mwaka 2018, ikatenganisha usajili na mwajiri, jambo ambalo Kenya haijafanya. Uganda, kupitia sera ya mwaka 2019, iliamua kwamba walimu wote, hata wa shule za msingi, wawe na shahada. Nchini Marekani kila jimbo hutoa leseni yake na mengi huwapa wahitimu mtihani wa ziada. Kenya haina mtihani wa aina hiyo kwa wenye shahada, na huenda ndiyo sababu alama za KCSE zimebebeshwa mzigo mkubwa kiasi hiki.

Kizazi kijacho

Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi walijiunga na Gredi ya 10 Januari 2026. Wao hawatafanya KCSE. Wanasoma katika mikondo mitatu, ambayo ni sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo, na wanatarajiwa kuingia vyuo vikuu mwaka 2029.

Sharti la C+ katika KCSE halitawahusu, na TSC italazimika kueleza kipimo kipya kitakachochukua mahali pake. Mzazi wa Nunguni mwenye mtoto katika Gredi ya 10 ana sababu ya kulifuatilia jambo hilo tangu sasa, kwa kuwa mkondo na masomo ambayo mtoto amechagua mwaka huu ndiyo yatakayokuwa masomo yake ya kufundisha. Mzazi wa mtoto aliyeko Kidato cha Tatu au cha Nne naye angali chini ya masharti ya zamani yote, na afisi ya TSC ya kaunti iliyoko Wote hupokea maswali kabla ya karo kulipwa.